Somo: Chumvi Inavyopima Ukavu wa Karafuu

Mwanachama aliyeweka gunia tatu za karafuu ndani ana swali moja tu kila jioni: zimekauka, au bado? Wazee hulijibu kwa kuchukua punje na kuivunja. Ikikatika kwa mlio, basi imekauka. Kipimo hicho ni chema wala hatuna nia ya kukiondoa. Ila kinatoa habari ya punje ile iliyovunjwa, si ya gunia zima. Leo tutasoma kipimo cha pili, nacho kimo jikoni mwa kila mmoja wetu. Lakini mtu hawezi kukiamini kipimo asichokijua, kwa hiyo na tuanze na chumvi yenyewe.

Itazame punje ya chumvi kwa kioo cha kukuzia. Utaona pande bapa na pembe zilizonyooka kama za sanduku. Hakuna aliyeichonga. Chumvi imejengwa kwa chembe ndogo mno za namna mbili, za sodiamu na za klorini, zenye umeme wa kinyume, na kwa hiyo huvutana. Zimepangwa kwa zamu, kila moja ikizungukwa na sita za namna ya pili: juu, chini, mbele, nyuma, kulia na kushoto. Mwaka 1913 W. L. Bragg wa Uingereza aliuonyesha mpango huo kwa miale ya eksirei, naye alikuwa kijana wa miaka 23. Kitu kigumu chenye mpango kama huo huitwa fuwele.

Chumvi ikitiwa majini, chembe za maji huzizunguka zile za chumvi na kuziondoa moja moja ukutani. Ndiko kuyeyuka. Lakini kuna mpaka. Gramu 100 za maji huchukua kama gramu 36 za chumvi, kisha hukataa. Utakayoongeza itakaa chini. Hapo husemwa maji yameshiba. Usidhani kazi imesimama: chembe zingali zinatoka na nyingine zinarudi, ila zitokazo ni sawa na zirudizo. Na joto halisaidii sana. Maji yale yale yakichemka hufikia gramu 39 tu, hali sukari huyeyuka kama gramu 200 katika maji baridi, na zaidi ya mara mbili ya hizo katika maji yachemkayo.

Sasa tufike penye faida. Maji matupu yakifungiwa ndani ya chupa hutoa mvuke mpaka hewa ijae. Tuseme hewa hiyo ina unyevu wa 100 katika mia. Maji yenye chumvi hutoa mvuke mchache zaidi, maana chumvi huyashika. Mfaransa Raoult alilichunguza sana jambo hili katika miaka ya 1880. Juu ya maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa husimama penye 75 katika mia, na hubaki karibu hapo hapo kutoka joto la digrii 20 hata 40, kwa kuwa kushiba kwake hakubadiliki sana kwa joto.

Geuza maneno hayo, upate kipimo. Hewa ikizidi 75, chumvi kavu huvuta maji na kulowa. Ikipungua 75, chumvi hubaki kavu. Ndiyo maana wakati wa masika twasema chumvi inatoa maji; kwa kweli haitoi, inayachukua hewani.

Karafuu nazo zikifungiwa hutoa unyevu au huunywa, mpaka zipatane na hewa iliyozizunguka. Basi chukua chupa kavu ya mdomo mpana. Tia karafuu za katikati ya gunia, si za juu, hadi robo tatu ya chupa. Weka juu yake kifuniko kidogo cha soda chenye chumvi kidogo sana. Ikiwa nyingi, maji machache hayataonekana. Funga barabara, weka kivulini mpaka kesho. Weka na chupa ya pili yenye chumvi peke yake, ili ujue kama kizibo kinapitisha hewa. Asubuhi, chumvi ikiwa imeganda au imelowa, karafuu hizo zirudishwe juani siku hiyo hiyo. Ikimwagika kama mchanga, hewa ya gunia iko chini ya 75. Hata hivyo upo ukungu uwezao kuota chini kidogo ya hapo, na mwenye kutaka kuweka kwa miezi asione vibaya kuanika siku moja zaidi.

Kipimo hiki hakikuambii karafuu ina maji kiasi gani kwa uzito. Biashara ya nchi za nje hutaka yasizidi 12 katika mia, na hilo hupimwa kwa vyombo. Najua wapo wanaoona kukausha ni kupoteza uzito. Hesabu ni hii: gunia la kilo 50 lenye maji 16 katika mia, likikaushwa hadi 12, hubaki kilo 47 na robo tatu hivi. Kilo mbili na robo zimekwenda, nazo zilikuwa maji. Likiota ukungu huharibika gunia zima.

Neno moja juu ya chumvi ya kutumia. Maji ya bahari yakikaushwa kwenye mabwawa, chumvi ya chakula huanza kuganda yanapobaki kama sehemu moja katika kumi, na chumvi za magneziamu, zile chungu, hubaki majini mpaka mwisho. Chumvi isiyochujwa vizuri huwa na uchungu huo, nao huvuta maji hata hewa ikiwa kavu sana, kama 33 katika mia. Chumvi hiyo itazisingizia karafuu nzuri. Iweke katika kitambaa, imwagie maji yaliyoshiba chumvi safi mara mbili tatu. Uchungu utaondoka na chumvi yenyewe haitayeyuka, maana maji yale yameshiba. Kisha ikaange mpaka ikauke, na uifunge ingali na moto.