Mafundi wa Sinagogi ya Beth Alpha

Katika mji wa Goma kuta nyingi zimejengwa kwa mawe meusi ya mlima wa moto Nyiragongo. Mwashi hupasua jiwe, hulichonga, hulipanga juu ya lingine. Ukuta ukiisha, huchukua nyundo yake na kwenda zake, na miaka michache baadaye wapitao hawamjui tena. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto ulishuka kutoka mlimani, ukaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ni wangapi wawezao kutaja majina ya waashi waliolijenga?

Swali kama hilo liliulizwa juu ya kazi moja ya kale ya Wayahudi, nalo likapata jibu.

Mwishoni mwa mwaka 1928, wakulima wa Kiyahudi walikuwa wakichimba mfereji wa maji mahali paitwapo Beth Alpha, chini ya mlima Gilboa, mlima ule alipofia mfalme Sauli. Wakakuta mawe madogo ya rangi mbalimbali. Mwaka 1929 mtaalamu Eleazar Sukenik wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu alifukua mahali pale, ikaonekana sakafu ya sinagogi, yaani nyumba ya sala ya Wayahudi. Sakafu hiyo ni mozaiki: picha iliyoundwa kwa vipande vidogo vya mawe, kimoja kimoja kikibandikwa katika chokaa.

Karibu na mlango yupo Abrahamu ameshika kisu, na Isaka mbele ya madhabahu iwakayo moto. Kondoo dume amefungwa mtini. Watumishi wawili wanangoja na punda. Juu unatokea mkono unaomzuia Abrahamu. Uso wa Mungu haukuchorwa, ila mkono tu. Watu hao wana macho makubwa na viungo visivyolingana, lakini hata mtoto huelewa habari inayosimuliwa.

Fundi alikuwa nani? Picha peke yake haikuweza kusema. Basi maandishi ya sakafuni yakasomwa. Ya kwanza ni ya Kiaramu. Ingawa yameharibika, yanataja utawala wa Kaisari Yustino. Kwa hiyo sakafu ni ya karne ya 6 baada ya Kristu. Yanataja pia ngano iliyotolewa kwa ajili ya kazi hiyo. Ya pili, ya Kigiriki, yapo karibu na mlango. Yanaomba wakumbukwe mafundi walioifanya kazi ile: Marianos na mwanawe Hanina.

Baadaye sinagogi nyingine ilifukuliwa huko Beth-Shean, si mbali na hapo. Katika sakafu ya chumba kimoja yakaonekana majina yale yale, ya baba na mwana. Hivyo ilijulikana kwamba wawili hao walikuwa mafundi walioitwa mahali zaidi ya pamoja. Baba na mwana walipiga magoti sakafuni, wakapanga kwa mawe habari ya baba na mwana.

Si kila kazi hupata jibu. Mwaka 1932 huko Dura-Europos, katika nchi ya Siria, ilifukuliwa sinagogi yenye kuta zilizojaa picha za Musa, Daudi na Eliya. Maandishi yake yaonyesha mwaka 244 au 245, lakini wachoraji hawajulikani hata leo. Ni heri kukiri hivyo kuliko kuwatungia jina la uongo. Apimaye kazi ya kale hushika kilichoandikwa, hulinganisha, wala hapiti mpaka wa ushahidi.

Marianos na Hanina hawakuweka jina lao katikati, mahali pa heshima. Waliliweka mlangoni, nao waliomba kukumbukwa tu. Mkatekumeni anaweza kuwatendea hivyo waliojenga kanisa la kijiji chake: awaulize wazee majina yao kabla wazee hawajafa, kisha katekista ayaandike katika daftari la kanisa. Na wale ambao hakuna tena awajuaye, Mungu hakuwasahau.

Maswali
1. Ni maandishi gani yaliyowatambulisha mafundi wa Beth Alpha?
2. Kwa nini picha peke yake haikutosha?
3. Ni nani waliojenga kanisa la kijiji chako?