Dondoo muhimu: Kazi ya kwanza ya afya Mavivi, karibu na Beni, DRC

Njia fupi zaidi ni ya reko, yaani mhamasishaji anayepita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo na kuripoti wagonjwa, lakini kwa kuwa ni kazi ya kujitolea, inamfaa anayejipima moyo huku akiendelea kulima. Muuguzi wa A2 husomea ngazi ya sekondari, katika ITM (taasisi ya ufundi wa tiba), ilhali wa A1 huhitimu ISTM, taasisi ya elimu ya juu, hivyo anayehamia Beni au Butembo kusoma ahesabu mapema kodi ya chumba pamoja na ada. Ijenisti, mtunza usafi anayechanganya klorini ya 0.05% ya kunawia mikono na ya 0.5% ya sakafu na vifaa, hudharauliwa bure, ingawa nyingi za ajira zake zilizofunguliwa na Ebola ya 2018–2020 zilikuwa za muda, zikaisha pamoja na mlipuko. Kabla ya kuandikishwa, mwanafunzi aulize mazoezi hufanyika katika kituo gani, na muuguzi mpya wa kituo hicho hulipwa na nani, kwani wengi hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali, bali hugawana posho itokanayo na malipo ya wagonjwa.