Jina Litakuja la Fulani

"Ile kodi nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la Fulani. Ile namba yangu nyingine ina shida." Ni nadra kumkuta mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa namna hii. Asiyedaiwa kodi huufuta huku akicheka. Anayedaiwa huanza kuhesabu hela.

Fundi cherehani mmoja wa Temeke alikuwa anadaiwa. Anaishi nyumba moja ya kupanga na mwandishi wa makala haya, mlango kwa mlango, na kodi ya miezi sita ilikuwa imemfikia: shilingi 360,000 za chumba kimoja, alizozidunduliza kwa kushona sare za shule. Ujumbe ulimkuta na fedha mkononi. Akaenda kwa wakala, akaziweka kwenye simu yake, akabonyeza *150*00# palepale dirishani. Mwandishi alikuwa nyuma yake, akisubiri kununua umeme wa luku.

Simu ilipoonyesha jina la mpokeaji, kabla fedha haijaondoka, fundi akageuka na uso wa mtu aliyetua mzigo. "Afadhali, limekuja lilelile."

Lilelile lipi? Baba mwenye nyumba wao hana jina hilo, wala mkewe, wala mtoto wake yeyote anayejulikana pale uani.

Hatua za kujikinga na matapeli wa simu zimeandikwa kila mahali, na nyingi ni za kupita haraka. Kwamba namba ya siri haipewi mtu, hata anayejiita huduma kwa wateja, hilo halina haja ya wino. Linalostahili nafasi ni hili la jina. Kampuni za simu ziliweka jina lionekane kabla ya kutuma ili mtu asikosee namba. Tapeli naye akaligeuza: anakutajia jina mapema, kisha mtandao wenyewe unamthibitishia. Mtumaji anaona maneno mawili yamefanana, moyo unatulia, kumbe yote mawili yametoka kwa mtu mmoja. Jina hilo lina maana pale tu ulipokuwa nalo wewe kabla ya ujumbe kuingia, kwenye mkataba, kwenye risiti ya zamani, au kwenye kumbukumbu ya simu ulipolipa mara iliyopita. Likitoka kwa anayeomba hela, lihesabu kama halipo.

Wapo wanaouliza: kama jina ni la kweli, mbona mwizi hakamatwi? Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa ulianza Mei 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Wengi walidhani utapeli umekwisha. Lakini jina linalotokea mara nyingi ni la mtu asiye na habari, aliyekaa siku moja chini ya mwavuli wa kijana wa usajili barabarani, akaambiwa, "Mtandao unasumbua mama, weka tena kidole." Kidole cha kwanza kilisajili laini yake. Cha pili kilisajili ya nani?

Mwandishi hana imani na miavuli hiyo, na halifichi hilo. Ofisini kwa kampuni za simu kuna foleni, ni kweli, na kiyoyozi chao kina siku zake. Bado ni afadhali. Na yeyote aliyewahi kuweka kidole mara mbili abonyeze *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiyoitambua aende akaifute.

Turudi dirishani. Fundi hakufurahi hata kidogo kuambiwa na mwandishi asitume kwanza. Mwenye nyumba wao ni mkali, na kwa fundi kuchelewesha kodi kulitisha kuliko tapeli yeyote. "Jirani, wewe ukifukuzwa una pa kwenda?" Wakala akachochea: jina si limekubali, mama, tuma, watu wanasubiri. Yeye hapotezi kitu.

Mwandishi akaipigia namba ya zamani ya mzee mwenye nyumba, ile ya tangu siku ya mkataba. Haikupokelewa. Ikapigwa tena, kimya, na fundi akaona hapo ndipo ushahidi ulipo: si kasema ina shida? Kumbe tapeli alikwisha kulipangia hilo, kwa sababu simu moja tu ingembomolea kazi yote. Mzee alipopokea hatimaye, alikuwa ametoka kuswali, na hasira zake hazikumwendea mwizi. Ziliwashukia wapangaji wake. Yeye lini amemwandikia mtu ujumbe? Hata miwani ya kusomea hana!

Pesa ikabaki kwenye simu ya fundi, lakini hadi jioni tu. Mzee, akishajua kodi imepatikana, alifika mwenyewe kuichukua, siku kadhaa kabla ya tarehe. Fundi hajamsamehe mwandishi mpaka leo.

Kenya mchezo umepinduliwa. Mtu anapokea ujumbe bandia wa kuingiziwa fedha, kisha simu ya kulia: nimekosea namba, nirudishie, mtoto yuko hospitalini. Simu hizo zimehusishwa kwa miaka mingi na wafungwa wa gereza la Kamiti. Dawa yake ni kuangalia salio lenyewe, siyo ujumbe, na kama kweli fedha imeingia, aliyekosea aambiwe apeleke ujumbe wake 456, Safaricom ndiyo irudishe.

Kwa Tanzania, ujumbe wa tapeli pamoja na namba yake hutumwa 15040, namba ya kuripoti utapeli. Ule wa fundi ulitumwa. Ama aliyekwisha kutuma hela asipoteze muda kubishana na tapeli kwenye simu: apige kwanza kampuni yake ya simu aombe muamala uzuiwe, kisha aende kituo cha polisi akachukue RB. Aharakishe, maana upande wa pili kuna mtu amesimama mbele ya wakala mwingine, anasubiri mlio tu ili atoe.