KUIMILIKI NAFSI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa nafsi itamaniyo na akili ionyayo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu Waislamu, neno lisikiwalo sana vinywani mwa watu, wazee kwa vijana, ni hili: "Mimi siwezi." Mvuta tumbako akinasihiwa aiache, husema siwezi. Mtafuna mirungi husema siwezi. Mwenye hasira husema ndivyo nilivyoumbwa. Mwenye kuoza binti yake kwa mali ya kukopa husema siwezi kuwa chini ya watu. Na mcheza kamari, ambayo siku hizi imeingia mpaka ndani ya simu, husema moyo wanipeleka. Makusudio ya somo hili ni kulitia neno hilo katika mizani, tuone kama lina uzito. Kwani mtu hataitengeneza nafsi yake maadamu ameushika udhuru huu mkononi.

1. HOJA YA MWENYE KUFUNGA

Mtazameni mchukuzi wa bandarini katika mwezi wa Ramadhani. Amebeba magunia tangu asubuhi, jua la saa saba li utosini, koo limekauka, na mtungi wa maji baridi u karibu naye. Maji yale ni mali yake, na siku nyingine zote ni halali yake, na hapana mtu amwonaye. Walakini hayagusi mpaka asikie adhana ya magharibi. Ni nani aliyemzuia? Hakuzuiwa na askari wala Kadhi wala mkewe. Amejizuia mwenyewe kwa kumcha Mola wake. Na jambo hili halifanyi siku moja tu. Hulifanya siku ishirini na tisa au thelathini, kila mwaka, tangu alipobaleghe.

Basi mtu huyu akija baada ya Idi akasema hawezi kuacha tumbako, au hawezi kuushika ulimi wake kwa saa moja ya ugomvi, yafaa aambiwe: Ewe ndugu, ulichokiacha ni kikubwa kuliko hicho kinachokushinda. Mwili hauishi pasipo maji. Pasipo tumbako waishi, tena kwa afya. Aliyeweza kujizuia na kitu kilicho uhai wake, kwa kuwa Mola wake amemwamrisha, hana hoja ya kushindwa na kitu kimdhuruye ambacho Mola huyo huyo hakukipenda. Uwezo anao, alilokosa ni kuutumia.

Funga ya Ramadhani ilifaradhiwa katika mwaka wa 2 wa Hijra, na Qurani yenyewe imeitaja sababu yake, nayo ni kupata ucha Mungu. Kwa hivyo Ramadhani ni chuo, na miezi kumi na mmoja iliyobaki ndiyo mtihani. Mwanachuoni asomaye mwezi mmoja kisha akakitupa chuo chake mpaka mwaka wa pili, asistaajabu akijiona kila mwaka yu pale pale katika alifu na bee.

2. KISA CHA MTO

Katika Sura ya Baqara Mwenyezi Mungu ametuhadithia khabari za Talut, mfalme wa Bani Israili. Alipotoka na majeshi kwenda kupigana na Jalut, aliwaambia kwamba Mwenyezi Mungu atawajaribu kwa mto: atakayeunywa hatakuwa katika watu wake, na asiyeuonja ndiye wake, illa mtu ateke kitanga kimoja kwa mkono wake. Walipoufikia, wakanywa wote isipokuwa wachache. Na walipokwisha kuvuka, pakasikiwa neno lile lile tulilolitaja: leo hatuna nguvu za kumkabili Jalut na majeshi yake. Waliosimama imara ni wale wenye yakini ya kukutana na Mola wao. Nao, kwa idhini ya Mungu, wakalivunja jeshi la adui, na Dawud akamwua Jalut.

Yatupasa kuzingatia mambo matatu katika kisa hiki.

La kwanza, mtihani ulikuwa wa maji kabla ya kuwa wa panga. Mto ulikuja mbele ya adui, kwani asiyeweza kuitawala kiu yake hawezi kuitawala khofu yake.

La pili, walipewa ruhusa ya kitanga kimoja. Sharia haikumtaka mtu awe jiwe lisilo na haja. Imeiwekea haja mpaka, na mpaka huo ndio mahali ajulikanapo mtu.

La tatu, waliovuka walikuwa wachache, na uchache wao haukuwadhuru. Basi mtu asingoje mtaa mzima uache jambo ovu ndipo naye aliache.

3. NAFSI HAIUAWI, HUONGOZWA

Wako watu wadhanio kwamba kuimiliki nafsi ni kuiua, mtu asitamani wala asikasirike kabisa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, nao ni mwaka 1111 wa Miladi, amelikanusha jambo hili katika kitabu chake Ihyau Ulumiddin. Amepiga mfano wa mwindaji: akili ni mpanda farasi, matamanio ni farasi wake, na ghadhabu ni mbwa wake. Mwindaji asiye na farasi wala mbwa hapati kitu. Walakini farasi akiwa mkaidi na mbwa akiwa mkali asiyesikia, mwindaji huangamia kabla hajaliona windo.

Nasi watu wa pwani tunao mfano tuujuao. Jahazi haliendi pasipo upepo, na nahodha haombi upepo ukatike, kwani ukikatika hukaa baharini mpaka maji ya kunywa yakamwishia. Kazi ya nahodha ni kuushika usukani, kulipunguza tanga upepo ukizidi, na kuijua miamba kabla hajaifikia. Ghadhabu ndiyo imfanyayo mtu kuilinda nyumba yake na dini yake, na tamaa ndiyo imtoayo alfajiri kwenda kutafuta riziki ya watoto. Lililo ovu ni upepo kukamata usukani.

Na asemaye, "Tabia ni maumbile, haigeuki," Imamu huyo amemjibu kwa kokwa ya tende. Kokwa si mtende. Lakini imeumbwa kwa namna ya kuweza kuwa mtende ikipandwa na kutunzwa. Kadhalika tabia njema: Mungu ametupa kokwa, na kazi ya kuitilia maji ni yetu.

4. GHADHABU NA NENO LA TALAKA

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye nguvu hasa si yule awabwagaye watu katika mieleka, ni yule ajimilikiye wakati wa ghadhabu. Tena hakutuacha na mawaidha matupu, ametuonyesha na dawa: aliyekasirika hali amesimama, akae, na ikiwa haijamtoka, alale. Na imepokewa pia kwamba atawadhe, kwa kuwa ghadhabu yatokana na moto, na moto huzimwa kwa maji. Angalieni hekima iliyomo. Wakati wa ghadhabu akili haisikii hoja, ndiyo sababu mwili ukapewa kazi. Na katika kukaa, na kulala, na kwenda kutafuta maji, muda hupita, na ghadhabu ni mgeni asiyekaa sana.

Khasara ya kutotumia dawa hii twaiona majumbani mwetu. Mume amerudi amechoka, chakula kimechelewa, neno limejibiwa kwa neno, naye akatamka talaka, si moja bali tatu kwa pumzi moja. Asubuhi ghadhabu imekwisha, watoto wamemkodolea macho, naye yuko mlangoni kwa Kadhi akitafuta njia ya kulirudisha neno. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ndiyo yafuatwayo na wengi wetu hapa pwani, ghadhabu si udhuru wa kuitangua talaka maadamu mtu alikuwa na akili zake, na tatu zilizotamkwa pamoja huhesabiwa tatu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Laiti mtu huyu angalikumbuka ngazi alizoziruka! Qurani imetuamrisha kukaa na wake zetu kwa wema. Na ikikhofiwa mfarakano, watumwe waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke, wapatanishe. Na hata talaka yenyewe, ikitolewa moja, ina eda ndani yake, muda wa mtu kufikiri na kumrejea mkewe. Sharia imeujenga mlango huu kwa subira juu ya subira. Na mtu mmoja kwa neno la mara moja ameubomoa wote, na wabebao matofali yake ni watoto wasio na kosa.

5. TAMAA NA DENI

Upande wa pili wa nafsi ni tamaa ya kuonekana. Arusi ya siku moja hukopewa mali ya miaka; mnazi aliopanda babu huwekwa rahani ili watu wasifu pilau; na waliokula wakisha kunawa mikono husahau, mwenye deni asisahau. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na deni, na alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mtu akiwa na deni husema akaongopa, na huahidi akakhalifu. Basi deni la fakhari haliishi katika mfuko. Huingia katika ulimi, likaila amana ya mtu. Na aliyeweza kukaa na njaa mchana kutwa kwa ajili ya Mungu, aweza vile vile kustahimili maneno ya jirani kwa siku tatu kwa ajili ya watoto wake.

6. NJIA ZA KUIZOEZA NAFSI

Kwanza, mtu ashike jambo moja, tena kwa hatua. Ulevi ulikuwa umewaingia Waarabu mifupani, na ukatazo wake ulikuja kwa daraja: walielezwa kwanza kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko nafuu yake, kisha wakakatazwa kuikaribia Sala hali wamelewa, kisha ikaja amri ya kuuacha kabisa, na ulevi ukamwagwa ukapita katika njia za Madina. Ama sisi, yaliyokwisha kuharimishwa hatuna rukhusa ya kuyaacha nusu nusu; walakini twajifunza hapa kuwa nafsi hulelewa, na kwamba anayeazimia kugeuza tabia kumi kwa siku moja hujikuta hakugeuza hata moja.

Pili, ajikalifishe mpaka iwe tabia. Mwenye kutaka hati nzuri huiga mkono wa khatati, herufi kwa herufi, na mwanzo huona taabu. Mwisho mkono huandika wenyewe. Ndivyo ulivyo upole. Al-Ahnaf bin Qays, ambaye Waarabu walimpigia mfano kwa upole, alipoulizwa ameupata kwa nani, alimtaja Qays bin Asim. Basi hata aliye mfano wa watu alikuwa na mwalimu.

Tatu, azijue aibu zake. Imamu Ghazali ametaja njia nne: kukaa mbele ya sheikh ajuaye maradhi ya nafsi, kuwa na rafiki mkweli asiyemficha, kusikiliza ndimi za maadui, kwani adui huliona ambalo rafiki hulifumbia jicho, na kuchanganyika na watu, kila aibu aionayo kwao aitafute kwake.

Nne, ajihesabu kila usiku. Mwenye duka hafungi mlango pasipo kuhesabu mauzo ya mchana; na umri ni rasilmali isiyokopeka. Akisha kusali Isha, ajiulize:

Je, leo nimetoa neno ambalo ningependa lirudi kinywani?
Je, nimekasirika, na nilipokasirika nilikaa au nilisimama?
Je, nimenunua kitu kwa haja yangu au kwa macho ya watu?
Je, kuna jambo niliweza kulizuia mchana wa Ramadhani, na leo limenishinda?

Akiona kheri, amshukuru Mungu. Akiona kosa, atubie, na kesho aanze tena, kwani kuteleza si kuanguka.

KHITIMISHO

Ndugu zetu, twajua kwamba Mwenyezi Mungu ameahidi Pepo kuwa makazi ya yule aogopaye kusimama mbele ya Mola wake na akaizuia nafsi na matamanio yake. Siku hiyo "Siwezi" haitakuwa jawabu, kwa kuwa kila Ramadhani tuliyoifunga itasimama kushuhudia kwamba tuliweza. Basi na tulitoe neno hilo vinywani mwetu kabla halijatolewa kwa hoja.

Ewe Mola wetu, utupe akili ya kuongoza, na nguvu ya kuzuia, na subira ya kudumu. Uzitengeneze nafsi zetu, na nyumba zetu, na watoto wetu. Wala usituachie nafsi zetu hata kwa muda wa kupepesa jicho. Amin.