KUMLEA YATIMA ALIYE MBALI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa baba yake akiwa ameshafariki.

Ama baada ya hayo, wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, somo letu la mwaka huu limetokana na swali. Ramadhani iliyopita tulipitisha kisanduku darasani kwa ajili ya watoto wa Gaza. Kilipofika safu ya nyuma, kijana mmoja alikishika, akakitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Maalim, na yatima wa hapa je?" Darasa lilinyamaza, kwa kuwa kila mtu alijua kuwa baba yake muulizaji alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku ile tulimjibu kwa haraka kuwa wote ni ndugu zetu. Jibu ni sahihi, lakini halikumtosha, na sisi wenyewe halikututosha. Makala hii ndiyo jibu tulilopaswa kumpa.

Yatima ni nani?

Katika Fiqhi, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba yake kabla hajabaleghe. Akishabaleghe, jina hilo linamtoka, ingawa haja zake huenda zikabaki. Aliyefiwa na mama peke yake anastahiki huruma kubwa, lakini si yatima kwa istilahi ya maulamaa, kwa sababu jukumu la matumizi liko kwa baba, naye yu hai. Mashirika ya kimataifa kama UNICEF yana hesabu nyingine: kwao yatima ni aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Ndiyo maana mtu akisoma tarakimu za mayatima duniani ni lazima aulize kwanza zimehesabiwa kwa maana ipi.

Jambo la pili ambalo wengi hulikosea ni kudhani kuwa kila yatima anastahiki zaka. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja makundi manane, na yatima hakutajwa kwa uyatima wake. Anaingia akiwa fakiri au masikini. Wapo mayatima walioachiwa nyumba na mashamba, na hao wanachohitaji ni mlinzi mwaminifu wa mali yao. Suratun Nisaa inaanza na jambo hilo hilo, na katika aya ya 10 anaonywa vikali anayekula mali ya yatima kwa dhulma. Tunasikitika kusema kuwa katika mitaa yetu mtu huyo mara nyingi huwa ni ami, tena aliyelia sana siku ya mazishi.

Mfano wa Aceh

Wazazi wengi wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004. Asubuhi ile tetemeko lilitokea baharini karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, na muda si mrefu mawimbi ya tsunami yakaupiga mji wa Banda Aceh. Msikiti mkuu wa Baiturrahman ulibaki umesimama, mitaa mingi iliyo karibu na bahari ikafutika. Nchini Indonesia peke yake waliofariki na kupotea walikuwa zaidi ya 160,000. Mawimbi yale yale yalivuka Bahari ya Hindi na mchana wa siku hiyo yakafika kwetu. Somalia ndiyo iliyoumia zaidi katika Afrika, na hata pwani ya Dar es Salaam walikufa watu waliokuwa wakiogelea.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa wanafunzi wadogo wakati huo. Tuliambiwa kuwa Waislamu wenzetu wa Aceh, wanaofuata madhehebu ya Imam Shafii kama sisi, wameachwa na mayatima wengi. Kila mmoja akaleta shilingi 100, wengine 50. Fedha zikakusanywa katika kopo la maziwa na kupelekwa kwa waliohusika. Baada ya hapo hatukusikia tena chochote. Hatusemi kuwa zilipotea. Tunasema hatukuambiwa, na mtoto aliyeacha kununua kashata kwa ajili ya mwenzake alikuwa na haki ya kuambiwa.

Yaliyotokea Aceh yana mafunzo mengi. Siku za mwanzo watu wa nchi mbalimbali walitaka kuwachukua watoto wakaishi nao. Serikali ya Indonesia ikazuia watoto wa chini ya miaka 16 kutolewa Aceh bila wazazi wao, kwa kuogopa wauza watoto na kwa kuogopa mtoto kupotezewa asili yake. Zuio hilo linakubaliana na sheria yetu. Aya ya 4 na ya 5 za Suratul Ahzab zimekataza kumpa mtoto nasaba ya mlezi. Zaid bin Haritha (R.A.), aliyekuwa akiitwa kwa jina la Mtume (S.A.W.), alirudishiwa jina la baba yake. Kumlea yatima kunaruhusiwa na kuna thawabu kubwa, lakini ubini wake haubadilishwi, na mirathi yake haihamishwi.

Kisha ikaonekana kuwa watoto wengi waliodhaniwa hawana mtu walikuwa na mama, bibi, au shangazi aliye hai. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wengi wa watoto waliowekwa vituoni baada ya tsunami walipelekwa na jamaa zao wenyewe, kwa kuwa kule kulikuwa na shule na chakula. Mwaka uliofuata ikaonekana kuwa ndivyo ilivyokuwa katika vituo vya Indonesia kwa jumla: karibu watoto tisa katika kila kumi walikuwa na mzazi mmoja hai, au wote wawili. Fedha za misaada zilikuwa zikienda kwenye jengo, basi mama akimtaka mwanawe asome ilimbidi amtoe nyumbani. Lau ada ile ingepelekwa kwa mama, mtoto angelala kwao. Na sisi tunaojenga mabweni kabla hatujamtafuta bibi wa mtoto tulitafakari hilo.

Watu wa Aceh walishughulikia pia jambo ambalo wafadhili hulisahau, nalo ni mali. Mahakama zao za kisharia zilisikiliza maelfu ya kesi za mirathi na za uwalii, na kwa sheria ya mwaka 2007 Baitul Mal yao ikapewa kazi ya kusimamia mali za watoto wasio na walii. Mtoto wa miaka minne aliyebaki peke yake alikuwa bado ana kiwanja cha babake, ingawa mpaka wake ulikuwa chini ya matope.

Na sisi pia ni wa mbali

Tusisahau kuwa kwa mtu wa Kuwait au Birmingham, yatima wa mbali ni mtoto wetu. Marehemu Dkt. Abdulrahman Al-Sumait, daktari wa Kuwait aliyefariki mwaka 2013, alianza mwaka 1981 shirika lililojulikana kama Africa Muslims Agency, na akautumia umri wake katika vijiji vya Afrika. Islamic Relief ilianzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1984. Mtindo wa mashirika ya namna hii ni kuwa mfadhili mmoja huunganishwa na mtoto mmoja, hutoa kiasi maalumu kila mwezi, na hupata taarifa za masomo na afya ya mtoto.

Hapa tunalo la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita wageni walituletea misaada, nasi tukawapanga mayatima wetu uani mbele ya madrasa nzima, kila mmoja ameshika karatasi yenye jina na namba, wakapigwa picha. Mtoto mmoja hakuonekana. Tulimkuta amejificha nyuma ya birika la udhu. Baadaye mama yake alituambia kuwa mwanawe aliapa hatakula mchele ule. Wageni hawakututaka tufanye vile. Walihitaji uthibitisho tu, na uthibitisho ni haki ya mwenye kutoa amana. Aliyefanya gwaride ni sisi. Tangu hapo picha hupigwa ofisini, mama akiwepo, na msaada huchukuliwa na mama kwa wakati wake. Suratud Dhuha imekataza kumwonea yatima, nasi tulidhani kuonea ni kupiga tu.

Jibu kwa muulizaji

Sasa tumrudie kijana wetu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafii ni kuwa zaka haihamishwi kutoka mji ilipo mali ikiwa wanaoistahiki wapo hapo. Kwa hiyo zaka ya duka la mtaa wetu ina wenyewe, nao ni mafakiri wa hapa, akiwemo yatima aliye fakiri. Sadaka ina wasaa zaidi. Ni bora kuanza na jamaa, na bibi Zainab (R.A.), mke wa Abdullah bin Masud, alipouliza kuhusu kumpa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, Mtume (S.A.W.) alijibu kuwa ana malipo mawili, ya udugu na ya sadaka. Lakini katika Hadithi mashuhuri ya vidole viwili, ambayo mlezi wa yatima ameahidiwa ujirani na Mtume Peponi, Sahihi ya Muslim imeongeza kuwa ni sawa yatima awe wa jamaa yake au wa mwingine. Hakikuwekwa kipimo cha umbali.

Kwa hiyo kisanduku cha Gaza hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba kilikuwa kimoja. Ramadhani ijayo, Inshaallah, vitapita viwili, nacho cha pili kitakuwa cha mayatima wa mtaa wetu, bila kutaja majina. Vyote vitafunguliwa mbele ya wanafunzi wawili wa kila darasa, na hesabu itabandikwa mlangoni pamoja na stakabadhi ya waliopokea.

Zoezi la nyumbani, lifanywe pamoja na wazazi: Salma ana miaka 9, amefiwa na mama, baba yake ni mvuvi. Idi ana miaka 19, alifiwa na baba akiwa na miaka 5, anasoma chuo na hana kipato. Rukia ana miaka 7, baba yake amefariki na kumwachia nyumba ya kupangisha yenye vyumba sita. Nani kati yao ni yatima kwa Fiqhi, na nani anaweza kupewa zaka? Majibu yaletwe kwa maalim wa Fiqhi yakiwa na sababu zake.

Wabillahi tawfiq.