Gari la kwanza, kadi ya marehemu



Kijana mwenzangu, kabla hujaendelea fungua Biblia usome Lk 14:28-30, halafu Kutoka sura ya 22 pale panapotajwa mjane na yatima. Mimi somo la kwanza nililifuata vizuri sana. La pili ndilo lilinishika shati.

Tangu utotoni nazipenda Land Rover za zamani, zile 109. Huku kwetu Dodoma ndizo tulizowaona nazo mapadre wakija kigangoni, zimejaa magunia, wagonjwa na wanakwaya. Oktoba 2024 zilipokusanyika zaidi ya elfu moja kule Arusha, niliangalia kwenye simu nikasema na mimi lazima. Nilikuwa na miaka 25 na akiba ya milioni saba ya zabibu na vibarua vya umeme. Sikuwahi kumiliki hata pikipiki.

Nikasikia ipo moja Kongwa, Series III, milioni sita na nusu. Nikaenda na fundi wangu. Hapa naomba utulie, maana ndipo vijana wengi tunapopigwa. Bodi ya gari hizi ni aluminiamu, kwa sababu zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Kwa hiyo bodi haili kutu, na ukiitazama kwa nje unaweza kudhani ni nzima kabisa. Lakini chesisi ni chuma. Fundi hakuangalia rangi hata kidogo. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi kipande kwa kipande. Pazima panalia kwa ukali, palipooza panatoa sauti ya kufa. Gari lililoishi Tanga au Dar linaliwa na hewa ya chumvi, ila hili lilikuwa limekaa huku kwetu kwenye ukame, chesisi ikawa nzima. Breki za mbele zilikuwa zimechoka, na usukani ulikuwa na mchezo mkubwa.

Tukapiga hesabu ya mnara, kama Injili inavyosema. Petroli: lita moja kwa kilomita kama sita, yaani Kongwa hadi Dodoma mjini, karibu kilomita 90, ni lita 15. Bima ndogo. Kuhamisha umiliki TRA. Spea za breki. Ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo hiyo nikaivuka. Jumla ikaingia kwenye milioni saba kwa kubanana. Nikafurahi, nikajiona mwenye hekima.

Kisha nikaomba kadi ya gari.

Jina lililoandikwa lilikuwa la baba wa muuzaji, na mzee alishafariki miaka minne nyuma. Nikauliza mirathi, kijana akacheka. Dalali akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, hayo ni mambo madogo. Tunaandika mkataba wa tarehe ya nyuma, mzee anasaini, kwisha." Mzee anasaini! Marehemu!

Ningependa kukuambia nilikataa palepale. Sikukataa. Niliomba siku mbili, na usiku huo nilikuwa natafuta sababu za kukubali: chesisi nzima, bei nzuri, kila mtu anafanya hivyo. Katekisimu namba 2409 inataja kughushi hundi na ankara na kunufaika na kutojua kwa mwenzako kuwa ni dhambi dhidi ya amri ya saba. Nilikuwa nimeifundisha hiyo kwa watoto wa Kipaimara. Nikaona aibu.

Siku ya tatu nikarudi Kongwa, nikaenda moja kwa moja kwa mama mjane. Nikamwamkia, nikamweleza nataka kununua gari la marehemu mzee. Akanitazama. "Mwanangu, si nimeambiwa litauzwa vyuma chakavu? Laki tano?"

Nilikaa kimya. Yaani ile saini ingekuwa yangu pia.

Kilichofuata hakikuwa kitamu. Ukoo ulikaa kikao, wakaandika muhtasari, wakaenda mahakamani na cheti cha kifo, binti mkubwa akateuliwa msimamizi wa mirathi. Miezi saba. Wakati huo walitokea wanunuzi wengine wawili, na bei ikapanda hadi milioni saba na laki tatu. Hesabu yangu ya mnara ikabomoka. Nikauza kompyuta yangu na kusubiri mavuno ya zabibu. Yule kijana mpaka leo hanisalimii, na sijui kama nitamlaumu. Alikuwa na madeni yake.

Wewe ukienda kununua, anza na kadi, nyundo baadaye. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, uliza mwenye jina yuko hai, uliza na nyumbani kwake. Uwe na namba yako ya mlipakodi.

Mama alipokea fedha zake mbele ya watoto wote, akazihesabu mara mbili, akanipa kuku. Gari liko kwangu, na breki mpya. Jumapili hii baada ya Misa ya pili paroko ameahidi kulibariki, kama litawaka.