SOMO LA UFUNDI NA HESABU: GAUNI LA MTOTO KWA MABAKI YA VITAMBAA



Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya ushonaji vilivyomo katika vyama vyetu, pamoja na makatibu wanaotunza hesabu za vikundi hivyo. Linaweza pia kumfaa mwanachama yeyote mwenye cherehani nyumbani na mtoto anayesubiri nguo ya sikukuu. Madhumuni yake ni mawili. Kwanza, kufundisha namna ya kushona gauni la mtoto kwa kufuata mtindo uliopata sifa duniani, lakini kwa kutumia vitambaa vya bei nafuu. Pili, kuonyesha jinsi ya kuikadiria bei ya nguo hiyo pasipo kikundi kujipunja.

Katibu anashauriwa kulisoma somo hili mbele ya kikundi, sehemu baada ya sehemu, huku vitambaa na futi ya kupimia vikiwa mezani.

1. Mtindo ulikotoka

Katika mwaka 1965, mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent alionyesha mjini Paris, Ufaransa, magauni yaliyozua gumzo kubwa. Bwana huyo alizaliwa mwaka 1936 katika mji wa Oran, nchini Algeria, akafariki mwaka 2008. Magauni yake yalikuwa mafupi, yasiyo na mikono wala kiuno kilichobana. Yaligawanywa kwa kanda nyeusi zilizonyooka, na katikati ya kanda hizo mlikuwa na vipande vyeupe, vyekundu, vya buluu na vya manjano. Wazo la mpangilio huo alilipata katika picha za Piet Mondrian, mchoraji wa Kiholanzi aliyeishi kati ya mwaka 1872 na 1944.

Jarida la mitindo la Vogue la Ufaransa liliweka mojawapo ya magauni hayo katika jalada lake la Septemba 1965. Haukupita muda mrefu kabla viwanda vya nguo katika nchi mbalimbali havijaanza kutoa nakala za bei ya chini. Magauni yenyewe ya mwanzo sasa yamehifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

Yafaa tujiulize: gauni lisilo na lesi, shanga wala marinda lilipataje thamani kubwa namna ile? Jibu limo katika mishono. Rangi zile hazikupigwa chapa juu ya kitambaa. Kila kipande kilikatwa peke yake, kisha kikaungwa na mwenzake. Fundi aliyaficha maumbo ya mwili ndani ya maungio ya kanda, hata mtazamaji akaona mistari iliyonyooka tu. Kwa hiyo, ughali wa gauni lile ulitokana zaidi na kupima, kukata na kuunga kwa uangalifu. Nguo yaweza kuwa ya bei ndogo. Uangalifu hauuzwi dukani, bali hupatikana kwa mazoezi.

2. Vitu vinavyohitajika

Vipimo vya somo hili ni vya mtoto wa miaka ipatayo 6, mwenye kifua cha sentimita 60. Tayarisha vitu vifuatavyo:

(a) Amerikani nyeupe, mita 1, yenye upana wa sentimita 90.
(b) Kaniki nyeusi, kipande cha sentimita 55 kwa 15.
(c) Kipande chekundu, sentimita 35 kwa 25.
(d) Kipande cha buluu, sentimita 35 kwa 19.
(e) Kipande cha manjano, sentimita 17 kwa 19.
(f) Uzi mweupe na mweusi, kifungo 1, pini, chaki, mkasi na pasi.

Vipande (b) hadi (e) ni vidogo. Fundi anayeshona sare za shule au mashati huwa navyo tele katika mabaki yake. Hata hivyo, chagua vitambaa vya pamba vyenye unene unaolingana na amerikani. Kitambaa chepesi kikiungwa na kizito, gauni hujikunja na kuvutika upande mmoja.

Kabla ya kukata chochote, fua kila kitambaa peke yake. Hatua hii isirukwe kwa sababu yoyote. Amerikani hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na kaniki huchuja rangi. Rudia kufua kaniki na kipande chekundu mpaka maji yabaki meupe. Kisha kibonyeze kila kimoja kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha doa, usikitumie, tafuta kingine. Gauni lililoshonwa vizuri kisha likageuka la waridi katika dobi la kwanza humvunja moyo mtoto, na huvunja pia jina la kikundi kilicholiuza.

3. Kukata

Kata kwanza vipande vya mbele. Uzi wa urefu wa kitambaa uende wima katika kila kipande. Vipimo vifuatavyo vimekwisha kujumlisha sentimita 1 ya kushonea katika kila ungio:

Safu ya juu: kipande cheupe chenye upana wa sentimita 17 na kimo cha 25, ukanda mweusi wa 4 kwa 25, kipande chekundu cha 35 kwa 25.

Safu ya kati: kipande kimoja cheupe cha upana wa sentimita 52 na kimo cha 22.

Safu ya chini: kipande cha buluu cha 35 kwa 19, ukanda mweusi wa 4 kwa 19, kipande cha manjano cha 17 kwa 19.

Kanda ndefu za kutenga safu: mbili, kila moja ya sentimita 52 kwa 4.

Kwa upande wa mgongo, kata vipande viwili vyeupe vya upana wa sentimita 26 na kimo cha 66. Amerikani inayosalia itatoa utepe wa shingo na makwapa. Utepe huo ukatwe mshazari, upana wa sentimita 3, ili uweze kufuata mviringo bila kukunjana.

4. Kuunga safu

Anza na safu ya juu. Unga kipande cheupe na ukanda mweusi, kisha ukanda huo na kipande chekundu. Piga bandi kwanza, upime, ndipo upitishe cherehani. Safu ikiisha, upana wake uwe sentimita 52 kamili. Fanya vivyo hivyo kwa safu ya chini. Kisha unga safu zote tatu kwa kanda ndefu, na mwisho upate kitambaa kimoja cha sentimita 52 kwa 66.

Kila baada ya mshono, piga pasi. Kingo za ndani zilazwe kuelekea ukanda mweusi, kwa maana zikilazwa upande wa kitambaa cheupe, weusi wake utaonekana kwa nje kama kivuli. Zizungushie kingo hizo uzi kwa mkono, au kwa cherehani yenye uwezo huo, ili nyuzi zisichomoke.

Hapa ndipo penye kiini cha ufundi wote. Tuseme fundi amekosea milimita 2 tu katika mshono mmoja. Kwa kuwa mshono hushika vipande viwili, kosa hilo hula milimita 4 za kitambaa. Kutoka juu mpaka chini kuna mishono minne ya kulala. Makosa yakifuatana hivyo, kitambaa kitapungua milimita 16, yaani zaidi ya sentimita moja na nusu. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii kibaba hicho ni cha hasara. Makatibu wataelewa upesi, maana ndivyo yalivyo pia makosa madogo katika daftari la fedha: hayaonekani katika mstari mmoja, huonekana siku ya kufunga hesabu. Dawa ni ileile: kuhakikisha kila hatua kabla ya kuendelea na nyingine.

5. Kukata umbo na kumaliza

Chukua karatasi, uchore nusu ya gauni kuanzia mstari wa katikati. Kutoka katikati mpaka mwisho wa shingo ni sentimita 6 na nusu. Mpaka mwisho wa bega ni 12 na nusu, na hapo bega lishuke kwa 2 na nusu. Kwapa lifike sentimita 17 chini ya mstari wa juu. Mahali hapo nusu ya gauni iwe na upana wa 17, na hivyo gauni zima litakizidi kifua cha mtoto kwa sentimita 8, apate kupumua na kucheza. Urefu ni sentimita 58, na upana wa nusu hiyo chini ni 23. Shingo ya mbele ishuke kwa 7, ya mgongo kwa 2.

Ongeza sentimita 1 na nusu kwenye mabega na mbavuni, 1 kwenye shingo na makwapa, na 6 kwa ajili ya upindo. Upindo huo mpana umekusudiwa: mtoto hukua, na mwakani mzazi ataweza kuufumua na kulirefusha gauni. Mgongo nao uongezewe sentimita 1 na nusu katikati, mahali pa kuungia.

Laza karatasi juu ya kitambaa cha mbele ulichokiunga. Hakikisha kanda za kulala zimekatiza mstari wa katikati sawasawa, kisha ukate. Shona katikati ya mgongo, ukiacha wazi sentimita 12 za juu ili kichwa kipite. Pinda kingo za uwazi huo, weka kifungo na kitanzi cha uzi. Unga mabega, shona utepe wa mshazari shingoni na kwenye makwapa, uugeuze ndani. Kisha unga mbavu, na mwisho pinda chini kwa mkono.

6. Hesabu ya gauni

Mzazi anayemshonea mwanawe hulipia kitambaa tu. Kazi yake ni zawadi. Kikundi kinachouza hakina ruhusa ya kuhesabu hivyo. Tuchukulie mfano ufuatao, ambao bei zake ni za kufanyia hesabu tu, na kila chama kiweke bei za soko lake:

Amerikani, mita 1: shilingi 5,000
Mabaki ya rangi na kaniki: shilingi 1,000
Uzi na kifungo: shilingi 800
Makaa ya pasi: shilingi 400
Mafuta na uchakavu wa cherehani: shilingi 300
Jumla kabla ya kazi: shilingi 7,500
Kazi, saa 5 kwa shilingi 1,500: shilingi 7,500
Gharama kamili: shilingi 15,000

Sasa tuseme kikundi kimeliuza gauni kwa shilingi 9,000, kikafurahi kwamba kimepata faida ya 1,500. Faida hiyo haipo. Shilingi 1,500 ndizo malipo ya fundi kwa saa 5, yaani shilingi 300 kwa saa. Kikundi kimeuza kitambaa kwa bei ya kitambaa, na mikono ya wanachama wake karibu kimeitoa bure. Vikundi vingi vya ushonaji hufa kwa njia hiyo, huku vikisifiwa na wateja kwa bei zake nzuri.

Njia ya haki ya kupunguza bei ni kupunguza muda. Mafundi wakikata magauni 10 kwa pamoja, mmoja akaunga safu, mwingine akapiga pasi, mwingine akamalizia, huenda kila gauni likachukua saa 3 badala ya 5. Hapo gharama ya kazi inashuka hadi shilingi 4,500, na gharama kamili hadi 12,000. Mnunuzi amepata nafuu, na fundi hajapunjwa. Hiyo ndiyo faida ya kufanya kazi kwa ushirika.

7. Angalizo

Kujifunza kwa fundi mwingine hakuna aibu. Saint Laurent mwenyewe alijifunza kwa mchoraji. Lakini kubandika jina la mbunifu au kampuni nyingine katika nguo yako ni udanganyifu, na alama za biashara hulindwa na sheria. Kikundi kinachokusudia kuuza kibuni mpangilio wake: kibadilishe mahali pa kanda, kichague rangi nyingine, au kiweke kipande cha kitenge katika safu ya kati. Kisha kishone ndani ya shingo jina la chama chake. Kazi ikiwa njema, jina hilo litarudisha wateja.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Kwa nini kila kitambaa kifuliwe peke yake kabla ya kukatwa?
2. Safu ya juu imepimwa ikaonekana ina sentimita 51 na milimita 2 badala ya 52. Ina mishono miwili. Kila mshono umekosewa kwa kiasi gani?
3. Kwa kutumia bei za soko lenu, tafuteni gharama kamili ya gauni moja, mkianza na saa 5 za kazi, kisha saa 3.
4. Mnunuzi anasema, "Vitambaa vyenyewe ni mabaki, mbona bei kubwa?" Mtamjibu nini?

Majibu ya swali la tatu yaandikwe katika daftari la kikundi na katibu ayatie sahihi, ili bei itakayotangazwa iwe uamuzi wa wanachama wote.